Homa ya Siku ya Posa

Namba niliisoma vizuri. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi mingi nilijaribu kujishawishi kwamba sikuiona sawasawa, kwamba chumba kilikuwa na giza, kwamba miwani niliisahau sebuleni. Si kweli. Dirisha lilikuwa wazi na miwani nilikuwa nimeivaa. Kipima joto kilionyesha thelathini na nane nukta nne, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Desimali nimezifundisha miaka kumi na sita.

Shoga yangu alikuwa amelala ubavu, kanga ameivuta mpaka shingoni, ananitazama usoni.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini na saba na pointi," nikamwambia. Nikabonyeza kitufe, namba ikafutika.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, nyumbani kwangu Mapinga. Baada ya adhuhuri walikuwa waje wageni kutoka Vigwaza kuleta barua ya posa ya binti yangu.

Mimi na yeye tumekulia Bagamoyo, katika nyumba mbili zinazotazamana, wazazi wetu wote wakulima wa mihogo na nazi. Madrasa tulianza siku moja na fimbo tulizila pamoja. Baadaye mimi nikaenda kusomea ualimu, yeye akabaki na cherehani ya mama yake, akawa fundi ambaye wanawake walikuwa wanamfuata kutoka Kerege. Aliolewa, akaachika, hakujaaliwa mtoto. Nilipojifungua binti yangu, yeye ndiye aliyenikalia arobaini yote: kunikanda kwa maji ya moto, kumwogesha mtoto, kunipikia uji wa pilipili manga. Mpaka leo binti yangu anamwita mama mdogo. Na mume wangu alipofariki, nilipokuwa ndani ya eda, alikuwa anakuja kila Jumamosi na kitambaa cha kushona mkononi, ili isionekane kwamba amekuja kunilinda nisilie peke yangu.

Siku aliponiambia habari ya ugonjwa alikuwa ananipima gauni. Nimesimama mbele yake mikono juu, yeye ana pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake, akasema, "Shoga, nina kitu kwenye titi. Ninacho tangu kabla ya mfungo. Sijamwambia mtu."

Ilikuwa saratani. Hospitali mjini wakampangia dawa za dripu, moja kila baada ya wiki tatu, kisha upasuaji. Kutoka Bagamoyo hadi huko ni mbali kwa mtu anayetapika njiani, na kukaa kwangu Mapinga kunaipunguza safari. Dada yake mkubwa, anayeishi Bagamoyo, alitaka kumuuguza mwenyewe, lakini ana mume aliyepooza upande mmoja, wa kulishwa na kugeuzwa. Nikamwambia, "Niachie mimi, dada." Nilisema hivyo mbele ya watu, na nilipenda walivyonitazama.

Siku ya dripu ya kwanza nesi alituweka pembeni, akazungumza na mimi zaidi kuliko na yeye. "Wewe ndiye utakayekuwa naye? Basi sikiliza. Hii dawa inaua ugonjwa, lakini inashusha na chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne anakuwa hana kinga. Joto likifika thelathini na nane, msingoje. Usiseme ngoja tule, ngoja tuswali, ngoja kupambazuke. Mnakuja. Na usimpe panadoli kwanza, maana inaficha homa na sisi tunashindwa kujua."

Nikaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaibandika kwenye mlango wa kabati chumbani kwake. THELATHINI NA NANE. MSINGOJE.

Mwanzoni nilikuwa mlezi mzuri, na hilo nalo ni kweli. Nywele zilipoanza kutoka, nilimnyoa mwenyewe uani, tukacheka kwamba kichwa chake kina kona. Baada ya dripu ya pili mdomo ulichubuka wote ndani, akawa hawezi kumeza hata mate. Nikawa napika uji wa mchele, naupoza, namlisha kijiko kimoja kimoja. Kucha zikageuka nyeusi. Vidole vikawa vinakufa ganzi, lakini hakukubali kuacha kushona, kwa sababu gauni la posa la binti yangu alisema hatalishona fundi mwingine yeyote. Alijichoma sindano mara nyingi. Kuna doa dogo la damu ndani ya pindo, limebaki hadi leo.

Kisha nikaanza kuchoka, na uchovu ule ulikuwa na hasira ndani yake. Narudi kutoka shule nikiwa na madaftari ya kusahihisha, nasikia ananiita kabla sijavua viatu. Siku moja nilifungua bomba la jikoni nikaliacha maji yakimwagika, ili nikiulizwa niseme sikusikia. Hakuniuliza.

Posa iliangukia siku ya kumi baada ya dripu ya tatu. Wiki moja kabla, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kupanga mambo ya mapishi. Akainamisha kichwa kuelekea chumba cha mgonjwa, akanong'ona, "Na huyu siku hiyo atakaa wapi? Wale watu wakimwona na kile kichwa watauliza kama ni wa damu yenu. Maradhi yale wanasema yanatembea kwenye ukoo. Usije ukamharibia mtoto."

Ningeweza kumjibu: huyu ni mama yake mdogo, atakaa mbele. Nikasema, "Nitaangalia."

Jioni ile nikaenda kukaa kitandani kwa shoga yangu. "Nesi amesema usikae na watu wengi," nikaanza. "Siku ya wageni itabidi upumzike humu ndani." Ni kweli nesi alisema hivyo. Ukweli wa nesi nikaufanya pazia la kumfichia.

Nadhani alielewa zaidi ya nilivyosema. Akasema, "Ni kweli. Lakini mlango uuache wazi kidogo, nisikie barua inavyosomwa."

Nikamwahidi.

Sasa nirudi kwenye ile Jumamosi. Baada ya kumdanganya joto lake, nilifanya lile lingine nililokatazwa: nikampa panadoli mbili na maji. Nilijiambia kwamba nukta nne si kitu, kwamba chumba kina joto, kwamba wageni wakiondoka tu nitampima tena. Sufuria ya pilau ilikuwa tayari motoni. Viti vilikuwa vimepangwa. Je, niliibandua ile karatasi kwenye kabati? Hapana, niliiacha pale pale. Nilitoka nikiipa mgongo.

Kabla ya adhuhuri binti yangu aliingia kumwonyesha gauni. Akatoka upesi. "Mama, mama mdogo anatetemeka. Meno yanagongana."

"Ndiyo dawa yenyewe, huwa inamfanya hivyo," nikamwambia. "Usilie, utaharibu wanja."

Nikaenda kumwongezea shuka. Alikuwa amefumba macho. Nilipotoka niliufunga mlango, sikuuacha wazi hata kidogo. Niliuvuta mpaka nikasikia kitasa kikilia.

Wageni walikuja watu tisa, wanaume sebuleni na shemeji yangu, ndugu wa marehemu, wanawake kwangu kwenye ukumbi wa nyuma, hatua chache kutoka kwenye ule mlango. Watu wema kabisa. Walileta ndizi mkungu mzima na salamu za wazee wao. Barua ikasomwa, shemeji akasema itajibiwa kwa utaratibu, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga zaidi ya wote. Tukapakua. Nilikuwa naongeza nyama kwenye sahani ya mama wa kijana wakati tuliposikia kitu kikianguka kule chumbani, cha bati au plastiki, kikabiringika sakafuni.

Mama wa kijana akageuka. "Kuna mtu?"

"Paka huyo," nikasema. "Anaingia kwa dirishani."

Akacheka, akasema hata kwao paka wamezidi. Nikacheka naye.

Nimeyaandika mengine yote ili nifike hapo. Yale ya joto naweza kuyaita woga, na vidonge naweza kuviita ujinga. Lakini mtu aliyenikalia arobaini nilimwita paka, na nikacheka.

Waliondoka baada ya alasiri. Nilisindikiza mpaka barabarani, nikapunga mkono. Niliporudi nikafungua mlango. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, kikombe cha plastiki kiko mbali naye, sakafu imelowa, naye amelowa, na si kwa maji tu. Mikono ilikuwa ya baridi na kifua kinaunguza. Macho alikuwa ameyafungua. Aliponiona akasema, "Mama, umekuja." Mama yake alifariki miaka mingi iliyopita.

Binti yangu alipiga magoti kwenye ule unyevu na gauni lake jipya. Mimi nilisimama mlangoni, nikaiona karatasi kwenye kabati.

Jirani yetu mwenye gari alitupeleka. Binti alikaa nyuma amempakata, mimi mbele. Tegeta magari yalikuwa yamesimama, na jirani alikuwa anapiga honi huku akisema, "Poleni, poleni sana, mmefanya vizuri kuondoka mapema." Nilikuwa nahesabu saa kichwani, kutoka saa tatu asubuhi, kila nikifika mwisho naanza upya.

Hospitali walimpokea mbio. Daktari kijana, mpole, akaniuliza akiwa na kalamu mkononi: "Homa imeanza lini?"

"Leo mchana, daktari. Baada ya adhuhuri."

"Mmempa dawa yoyote ya homa?"

"Hapana."

Binti yangu alikuwa amesimama karibu yangu. Vidonge aliviona mezani. Alinitazama, kisha akatazama chini. Daktari akaandika niliyosema.

Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu. Presha ilishuka mpaka wakamhamishia kwenye chumba cha mashine. Figo zikasuasua. Walimpa dawa kali, tatu kwa pamoja, mchana na usiku, na siku nne za mwanzo hakuna aliyetuambia kwamba atapona. Niliomba ruhusa shuleni, nikawa naenda kila siku. Nilimpangusa mwili, nikamkata kucha, nikamsugua mgongo usichunike. Wauguzi walikuwa wanasema wagonjwa wengi hawana mtu wa namna yangu. Kadiri nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidi kupangusa.

Dada yake alikuja siku ya tano. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaishika mikono yangu miwili na kuibusu, mwanamke mkubwa kuliko mimi kwa miaka kumi na tano. "Mungu akulipe, mdogo wangu. Kila swala nakuombea dua." Nikaitikia amina.

Alipozinduka kabisa, maneno ya kwanza marefu aliyoyasema yalinihusu mimi. Wanawake wa mtaani kwao walikuwa wamemzunguka kitandani. Akanionyesha kwa kidole: "Mnamwona huyu? Alikuwa na shughuli ya mwanawe, akaiacha akanileta. Asingekuwa yeye, sasa hivi mngekuwa mnanisomea hitima."

Nilikuwa na bakuli la supu mkononi. Nikasema supu inapoa.

Alikaa wodini karibu wiki tatu. Alitoka akiwa amekonda, mguu mmoja umevimba kwa damu iliyoganda, anachomwa sindano ya tumboni kila siku, nami nilijifunza kuichoma. Na masikio. Mwanzoni alikuwa anauliza nani ameacha redio inaunguruma. Hapakuwa na redio. Mlio ulikuwa ndani ya kichwa chake. La kulia likarudi kidogo, la kushoto halikurudi. Waliniambia yaweza kuwa ni zile dawa kali zilizomwokoa, au ni ugonjwa wenyewe, au vyote viwili. Mtu aliyekuwa anajua kwa mlio tu kwamba cherehani inahitaji mafuta, sasa alikuwa anaweka kiganja juu yake ili aisikie.

Dripu zilianza tena baada ya kama miezi miwili, kwa kipimo cha chini. Siku hiyo tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kusubiri, mimi upande wake wa kulia. Yule nesi wa kwanza akapita, akatukumbuka, akawaambia wauguzaji wapya waliokuwa pale, "Muulizeni huyu mama. Mgonjwa wake alipata homa, akamleta siku hiyo hiyo. Ndivyo inavyotakiwa."

Mwanamume mmoja, mke wake anaanza tiba, akasogea. Alikuwa na daftari dogo. "Samahani, mama. Likifika thelathini na nane na kitu, halafu mtu una jambo zito nyumbani, ukisubiri saa mbili tatu hivi, kuna neno?"

"Usisubiri," nikamwambia.

"Wewe hukusubiri hata kidogo?"

"Sikusubiri."

Shoga yangu akanipiga paja. "Huyu? Huyu kidogo anibebe mgongoni!" Watu wakacheka. Yule mwanamume akaandika kwenye daftari lake. Nilimtazama akiandika, nikajua kwamba uongo wangu sasa umetoka nyumbani kwangu, unakwenda kwa mke wa mtu.

Kesho yake asubuhi alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Nikaenda kukaa naye. Nilikaa upande wa kushoto. Sijui kama nilifanya kusudi. Nikasema, kwa sauti ya chini, "Siku ile joto lako nilikudanganya."

"Nini?"

"Joto lako. Nilikudanganya."

"Sema kwa nguvu, shoga. Sikio hilo limekufa."

Ikanibidi niinuke, nizunguke, nikae kulia, niseme kwa sauti ambayo jirani aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua aliisikia. Niliona mikono yake ikisimama kwenye kamba.

Shoga yangu aliweka ungo chini.

"Lilikuwa ngapi?"

"Thelathini na nane nukta nne."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu. Ulipoamka."

Akahesabu kwa vidole vyake vyenye kucha nyeusi: nne, tano, sita, akaendelea mpaka kumi na moja. Vidole vya mkono mmoja havikutosha. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza kwa kinywa changu."

"Ndiyo."

"Na ule mlango?"

"Niliufunga mimi."

"Nilidhani ni upepo. Nilikuita, sauti haitoki. Nikaona niangushe kikombe, mtasikia."

Hapo ningeweza kuishia. Hakuwa anajua la zaidi. Lakini nilikuwa nimeanza, na nilihisi nikiliacha hilo moja litaoza. "Nilisikia," nikasema. "Mama wa kijana akauliza kuna mtu. Nikamwambia ni paka."

Alicheka, kicheko kifupi kama mtu aliyesakamwa. "Paka." Akautazama mchele. "Na mimi nikakushukuru mbele za watu. Nimekusifu wodi nzima, shoga, na wewe umekaa na bakuli lako. Jana tu nimekusifu."

Nikaanza kulia. Akasema, bila ukali, "Usilie. Ukilia itabidi nikubembeleze, na mimi leo sitaki."

Alikwenda ndani kufunga nguo zake. Nilipotaka kushika begi akasema, "Usinibebee." Binti yangu ndiye aliyempeleka Bagamoyo kwa dada yake. Mlangoni aligeuka. "Dada yangu ananiambia kila swala anakuombea. Nenda ukamwambie mwenyewe anaombea nini. Mimi simwambii."

Nilikwenda Jumapili. Dada yake alikuwa ukumbini anamlisha mumewe uji. Shoga yangu alikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, amelala amegeukia ukutani, sikio zima limelalia mto. Nilipiga hodi, nikampa shikamoo dada mtu, nikakaa mkekani, nikasema yote tangu kipima joto hadi paka. Aliendelea kulisha mpaka bakuli likaisha, akampangusa mumewe mdomo kwa ncha ya kanga, akakaa vizuri.

"Ungenipigia," akasema.

"Dada..."

"Hukutaka aonekane. Sawa, kila mtu na shughuli yake. Ungenipigia tu asubuhi ile, ungesema dada njoo, nina wageni, nimezidiwa. Huyu ningemwachia jirani. Ningekuja kumchukua."

Alisema hivyo tu. Hakupandisha sauti. Katika mambo yote niliyoyawaza asubuhi ile, pilau na viti na maneno ya wifi yangu, kupiga simu Bagamoyo hakukunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimeshasema niachie mimi, na sikutaka mtu ajue kwamba nimeshindwa.

Akaniambia chai ipo kama nataka. Sikuweza kunywa.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali peke yangu, nikamtafuta yule daktari kijana, nikamwambia homa ilianza asubuhi na vidonge nilimpa. Alifungua faili, akaandika mstari mmoja. "Habari ya vidonge ingenisaidia siku ile," akasema. Nikamuuliza kama angefika asubuhi sikio lingepona. Akasema hawezi kuniambia hivyo. Huenda, na huenda isingekuwa tofauti. Nimeishikilia ile huenda ya pili mara nyingi, na kila nikiishika naona aibu kwa kuishika. Yule mwanamume mwenye daftari sikumwona tena. Nilimwomba nesi akimwona amwambie kwamba mimi nilisubiri.

Ndoa ilifungwa baada ya mfungo uliofuata. Shoga yangu alikuja. Binti yangu alikwenda mwenyewe kumwomba, akakaa huko siku mbili, na waliyozungumza hawajaniambia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto, na hakuzifunika kwa ndani, alipokuwa na wanawake wenzake. Alikaa mbele. Mama wa kijana alimuuliza ni nani, naye akajibu, "Mimi ndiye niliyemwogesha huyu bibi harusi arobaini ya kwanza." Kwangu alikuja kunipa hongera kama mgeni anavyompa mwenye shughuli. Alipomaliza kula alinawa, akaaga, akaenda.

Dripu alizimaliza, akafanyiwa upasuaji, na vipimo mpaka sasa ni vizuri. Kwa muda mrefu mpwa wake ndiye aliyekuwa anamsindikiza. Kisha mwaka huu alinipigia simu. Alikuwa na miadi ya kupimwa masikio, na mpwa amepata kazi. "Daktari huyo anaongea haraka, simsikii," akasema. "Nahitaji mtu wa kunirudilia maneno. Unaweza?"

Nikasema naweza.

Tulikaa mbele ya daktari, mimi kulia kwake. Daktari alieleza kipimo, akasema la kulia limeshuka kidogo zaidi na kwamba kifaa cha kusaidia kusikia kingemfaa. Niligeuka nikamweleza neno kwa neno, hata lile la kushuka, ambalo mimi wa zamani ningelificha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama mbele, akamuuliza daktari kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri, "Ndivyo ulivyosema?"

Daktari akatutazama wote wawili, akashangaa kidogo. "Ndivyo, mama."

"Haya," akasema shoga yangu, akanigeukia. "Endelea."